Baba aliugua moyo miaka minne, hatukumuuliza hata mara moja anataka nini. Wenye wagonjwa wa moyo nyumbani, tuzungumze mapema

#1 Mwana wa Korogwe

Wakuu, habari za jioni.

Uzi huu nimeuandika na kuufuta mara nyingi. Leo naubandika kwa sababu najua humu wapo wengi wenye mzazi, mke au mume anayehudhuria kliniki ya moyo, na kosa tulilolifanya kwetu naliona likirudiwa kwa majirani na hata kwa ndugu zangu wenyewe.

Baba yangu alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Presha alikuwa nayo kwa muda mrefu. Kichwa kikiuma anameza dawa, kikitulia anaziacha. Mwaka 2019 akaanza kukatika pumzi akipanda kile kilima kidogo cha kutoka barabarani hadi nyumbani. Miguu ikavimba hadi viatu vikagoma kuingia. Usiku halali bila mito mitatu, na baadaye akawa anakesha amekaa kwenye kiti. Alipopimwa ECHO, kile kipimo cha picha ya moyo, tukaambiwa moyo umetanuka, na nguvu yake ya kusukuma damu imebaki asilimia 30, wakati mtu mzima mwenye afya huwa anazidi 50.

Akapewa dawa, maji yakatoka, miguu ikarudi, mzee akarudi kwenye migomba yake. Sasa hapo ndipo tulipopotea. Saratani ikitajwa, ukoo mzima unakusanyika siku ileile. Huu ugonjwa wa moyo kushindwa kazi unakuhadaa. Mgonjwa anazidiwa, analazwa, wiki mbili baadaye yuko barazani anasoma gazeti, na nyinyi mnashukuru Mungu kwamba amepona. Miezi mitano tena wodini. Anatoka. Kila akitoka anakuwa chini kidogo ya pale alipokuwa mwanzo, ila sisi tunaokaa naye hatuoni kwa sababu tunamwona kila siku.

Alilazwa mara nne. Baada ya ile ya tatu, tukiwa kliniki, daktari mmoja kijana alisogeza kiti chake akakaa karibu kabisa na mzee, akamwambia, "Mwalimu, ningependa tuzungumze kidogo kuhusu huko mbele, hali ikibadilika wewe ungependa..." Nikamkatiza. Nilimwambia daktari tafadhali tusimvunje mzee moyo. Akanitazama mimi, akamtazama mzee, akarudi kuandika dawa. Kwenye basi mzee akaniuliza, "Yule kijana alitaka kuniuliza nini?" Nikamjibu, "Mambo ya dawa tu, baba."

Jibu hilo nalikumbuka kila nikipanda basi la njia ile.

Mara ya nne ilikuwa saa tisa usiku. Tumefika hospitali midomo yake imekuwa ya buluu, anavuta hewa kwa mabega. Daktari wa zamu akatoka akasema inabidi awekwe kwenye mashine ya kupumulia, tukubali au tukatae, na muda ni mfupi. Tukaanza kupigiana simu. Kaka mkubwa yuko Mwanza: fanyeni kila kitu, hela tutatafuta. Dada: mrudisheni nyumbani akapumzike kitandani kwake. Baba mdogo: asiyeweka sahihi ndiye atakayebeba lawama. Nikaweka sahihi. Baba alikaa ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, siku kumi na moja, amefungwa mikono asichomoe mipira, hakusema tena neno lolote. Kiwanja kiliuzwa, na wala si kiwanja kinachoniuma.

Baada ya arobaini, mama akaniita jikoni. Akaniambia baba alikuwa amemweleza yote. Kwamba asingependa mashine. Kwamba alitaka mchungaji amletee Meza ya Bwana akiwa bado na akili zake. Kwamba kuna deni la SACCOS alitaka kulimaliza kwa mkono wake mwenyewe. Nikamuuliza, mama, mbona usiku ule hukusema? Akasema, "Mlikuwa mnazungumza nyinyi. Hakuna aliyeniuliza."

Kwa hiyo maneno ya baba yalikuwepo siku zote, kwa mtu ambaye sisi watoto wanne wenye simu hatukumpa zamu ya kuzungumza.

Ninachoomba humu: wenye wagonjwa, wauguzi, madaktari, viongozi wa dini, nyumba zenu mazungumzo haya mliyaanzaje? Nataka nimuulize mama mapema. Naye ana presha.

#2 Chai ya Rangi

Pole sana mkuu. Nimesoma hadi mwisho na nimenyamaza muda mrefu. Mama yangu ana mito miwili sasa hivi. Nakaa hapa nisome.

#3 Shamba la Urithi

Pole kwa msiba, ila nitasema wazi. Kumkalisha mgonjwa kumuuliza "ukifa tufanyeje" ni uchuro. Mgonjwa wa moyo anatakiwa atiwe moyo. Uhai ni wa Mungu, siku zetu anazijua Yeye.

Na lingine: familia zetu zinajulikana. Leo mnasema mzee hataki mashine, kesho utakuta ni mtoto anayelitazama shamba ndiye aliyemsemea hataki mashine. Mnawafungulia mlango watu wa namna hiyo.

#4 Kasha la Bibi

Assalaam alaykum jamani. Mimi ni wa Unguja. Namjibu ndugu hapo juu kwa adabu.

Bibi yangu alikuwa na kasha. Chini kabisa ya kasha, ndani ya kanga mpya, kulikuwa na sanda yake, udi, na karafuu maiti imefungwa kwenye kitambaa. Kila mwaka akiitoa kuianika, sisi watoto tunaiona. Hakuna aliyesema bibi anajichuria. Aliishi na sanda ile miaka na miaka hata tukaizoea kama tunavyozoea saa ya ukutani. Na sote tunajua hadithi iliyomo kwa Bukhari na Muslim, kwamba Muislamu mwenye kitu cha kuusia haimfalii kulala siku mbili ila wasia wake uwe umeandikwa. Watu wetu walikuwa wakijitayarisha. Sisi wa spitali na mashine ndio tuliosita.

Kuhusu mashine zenyewe, wanavyuoni wamelizungumza zamani. Kamati ya fatwa ya Saudi Arabia ilitoa fatwa mwaka 1409 Hijria kwamba madaktari watatu waaminifu na wenye ujuzi wakikubaliana kuwa kuushtua moyo wa mgonjwa hakutamfaa kitu, si lazima kufanya. Kutibu ni jambo jema, lakini kumtesa mtu kwa tiba isiyomsaidia hakuna aliyetulazimisha. Muulizeni shekhe wenu kabla ya usiku wa shida.

Ila nakubaliana naye kwenye la shamba. Hofu hiyo ni ya kweli, naomba nesi au mwanasheria alijibu.

#5 Nesi wa Tiba Shufaa

Nimeitwa, nimekuja. Samahanini, itakuwa ndefu.

Niko kwenye tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mateso mwenye ugonjwa mzito yeye na familia yake, mwaka wa tisa. Sehemu ya mafunzo nilipata Kampala, Hospice Africa Uganda, ile aliyoianzisha daktari Anne Merriman mwaka 1993. Nilikwenda nikidhani tiba shufaa ni morfini, ile dawa kali ya maumivu, na wagonjwa wa saratani. Nikarudi nikijua kwamba mgonjwa wa moyo anaihitaji vilevile, tena akiwa anaendelea na Lasix, ile dawa ya kutoa maji, na dawa zake zote. Hakuna anayeachishwa tiba kwa sababu amezungumza.

Mwana wa Korogwe, nikwambie jambo ambalo pengine litakupunguzia. Yule daktari kijana angeweza kukwambia, "Nimekuelewa, ila naomba nimuulize mwalimu mwenyewe kama angependa tuzungumze." Hakufundishwa, au foleni nje ilikuwa watu arobaini. Sisi wa ndani nasi tunaogopa mazungumzo haya. Si wewe peke yako.

Sasa, lini? Watu husubiri hadi mgonjwa awe hoi. Kwa moyo ni kosa, kwa sababu mbili. Ukisubiri, pumzi ya kuzungumza inakuwa imeisha. Halafu wako wagonjwa wa moyo ambao hawapiti hatua ya kuwa hoi, mapigo yanavurugika ghafla, anaanguka, basi. Mimi naanza nikiona mambo haya: amelazwa mara mbili ndani ya mwaka mmoja, daktari ameanza kupunguza dawa za moyo kwa sababu presha imeshuka mno au figo zinalalamika, mwili unakonda huku tumbo na miguu vinajaa, kuoga peke yake kumemshinda. Kuna swali walimu wetu walitufundisha tujiulize kimoyomoyo: mgonjwa huyu akifariki ndani ya mwaka huu, nitashangaa? Jibu likiwa hapana, siku ya kuzungumza ni hiyo.

Unaanzaje? Usianze na kifo. Mimi huanza na mara ya mwisho alipolazwa. "Mzee, safari ile uliyolazwa, kitu gani kilikusumbua kuliko vyote?" Halafu unanyamaza. Hapo kwenye kunyamaza ndipo watu wengi hushindwa, wanajijibia. Mmoja aliniambia kilichomuuma ni kuvishwa nepi mbele ya mkwewe. Mwingine alisema taa za wodi hazizimwi. Majibu haya ndiyo yanayokuonyesha nini ni muhimu kwake. Ukishapata hilo, swali la pili linakuja lenyewe: "Ikitokea tena, na safari hiyo huwezi kuzungumza, nani azungumze kwa niaba yako?" Na la tatu: "Kuna kitu usingependa tukufanyie hata iweje?"

Jibu la swali la pili ndilo kubwa. Na asiliseme faraghani. Aliseme mbele ya watoto wote, na baba mdogo awepo, na mwenye kuishi mbali awe kwenye simu. Ndugu Shamba la Urithi, hilo ndilo jibu la hofu yako. Mwenye tamaa anapata nafasi pale ambapo mgonjwa hakusema kitu, kila mtu anamsemea anavyotaka. Mzee akishasema mwenyewe mbele ya ukoo, na mchungaji au shekhe au balozi wa nyumba kumi akasikia, nani atageuza? Mambo ya shamba na nyumba yakae kwenye wosia wake, karatasi nyingine, siku nyingine. Msichanganye.

Halafu kuna mpango ambao nauona unasahaulika, nao ni wa usiku. Mgonjwa wa moyo huzidiwa usiku. Kaeni chini mchana muandike: nani ana gari au bodaboda ya uhakika, hospitali gani, kadi na vyeti viko wapi, daktari amesema aongeze Lasix ngapi akianza kujaa. Mizani ya kupimia uzito iwepo nyumbani, apimwe kila asubuhi akishatoka kukojoa kabla ya chai. Kilo mbili zikiongezeka ndani ya siku tatu ni maji hayo, msisubiri avimbe. Na tafadhali, zile dawa za maumivu za dukani, diklofenaki na ibuprofeni, zinashikilia maji mwilini na kuumiza figo. Wangapi nimewapokea wamezidiwa kwa sababu ya vidonge vya mgongo.

Kwa aliyechagua kubaki nyumbani mwisho ukikaribia, hatumwachi hivihivi. Kichwa na kifua vinainuliwa, dirisha linafunguliwa, anapepewa usoni, hata kwa pepeo la ukili. Upepo ule wa usoni unapunguza ile hali ya kukosa hewa. Dozi ndogo ya morfini ya maji nayo huweza kusaidia, daktari anaipanga kwa kuangalia figo zake. Uliza hospitali yenu ya wilaya au ya mkoa kama ina kitengo cha tiba shufaa. Baadhi ya hospitali za makanisa nazo zinayo huduma hii na zinafika hadi nyumbani.

#6 Mama wa Wawili

Mimi ndiye mgonjwa.

Nasoma hapa mnazungumza kuhusu wazee, na mimi nina miaka 31. Moyo wangu ulishindwa wiki sita baada ya kujifungua mtoto wa pili. Nilidhani ni uchovu wa uzazi, kila mtu aliniambia ni uchovu wa uzazi, mpaka siku niliyoshindwa kumbeba mtoto kutoka kitandani hadi kwenye beseni. Moyo ulikuwa unasukuma asilimia 22. Ugonjwa huu huwapata wanawake mwisho wa ujauzito au miezi ya mwanzo baada ya kujifungua, na sisi wa Afrika tunaupata sana.

Nataka kusema mambo mawili.

Kwanza, mpango wangu mimi si wa kukataa mashine. Daktari alinieleza kwamba wengi wa aina yangu moyo hurudi, mwingine baada ya miezi sita, mwingine mwaka na zaidi. Kwa hiyo nimeandika: nikizidiwa sasa, nipelekwe ICU, niwekwe chochote, nipiganiwe. Ila nikikaa huko wiki kadhaa, na madaktari wakasema ubongo wangu umeshakwenda, msiniweke hapo kwa sababu ya kuogopa watu watasema nini. Nesi amesema vizuri. Mtu akisikia "mpango" anadhani ni karatasi ya kukubali kufa. Yangu sehemu kubwa ni ya kuishi.

Pili, kilichokuwa kinanikosesha usingizi si mashine. Ni watoto. Nani atakaa nao. Mume wangu ni mwema lakini yuko safarini wiki tatu kwa mwezi, na kwao wana taratibu zao. Nilitaka walelewe na dada yangu. Ilinichukua miezi minne kulisema. Nilimwambia mume wangu tukiwa tunakunja nguo, maana nilishindwa kumtazama usoni. Alilia. Halafu akasema naye alikuwa anawaza hilohilo, aliogopa kuniuliza nisije nikadhani ananiombea kifo.

Miezi minne tumelala kitanda kimoja, kila mmoja na swali lilelile.

Na wenzangu mliopata ugonjwa huu wa uzazi: kabla hujabeba mimba nyingine mwone daktari wa moyo, hata kama unajisikia mzima. Ugonjwa unaweza kurudi, na safari hiyo ukawa mbaya zaidi. Mimi nimefunga kizazi. Hilo nalo lilikuwa ndani ya mazungumzo yetu.

#7 Chai ya Rangi

Mama wa Wawili, Mungu akupe wepesi dada yangu. Sasa hivi unaendeleaje?

#8 Mama wa Wawili

Kipimo cha mwisho kilisoma 38. Nambeba mtoto hadi kwenye beseni.

#9 Daktari wa Wilaya

Naongeza takwimu kidogo kwa sababu watu wengi, hata wahudumu, hawajui uzito wa ugonjwa huu.

Utafiti wa THESUS-HF uliochapishwa mwaka 2012 ulifuatilia wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa moyo kushindwa katika nchi tisa za Afrika. Wastani wa umri ulikuwa miaka 52. Ulaya na Marekani wagonjwa hawa kwa kawaida wamevuka 70. Huku kwetu ni watu wenye ada za shule za kulipa. Sababu iliyoongoza ni presha, kama asilimia 45. Ndani ya miezi sita karibu asilimia 18 walikuwa wamefariki. Mwaka 2017 utafiti mwingine, INTER-CHF, ulilinganisha maeneo mbalimbali ya dunia: vifo ndani ya mwaka mmoja kwa wagonjwa wote vilikuwa asilimia 16.5, kwa Afrika asilimia 34.

Huo ni wastani wa kundi, haumhukumu mgonjwa wako. Ninao wanaokuja kliniki mwaka wa nane huu. Ila ukiambiwa mmoja kati ya watatu, utaona kwa nini kusema "tutazungumza baadaye" ni hatari.

La pili ni kuushtua moyo uliosimama. Watu wameona kwenye filamu, mtu anakandamizwa kifua, anakohoa, anakaa. Hata katika nchi tajiri, kati ya watu watano ambao moyo umewasimama wakiwa ndani ya hospitali, anayerudi nyumbani ni mmoja hivi. Kwa mgonjwa ambaye moyo wake ulikuwa umechoka tangu zamani matumaini ni madogo zaidi, na mbavu huvunjika. Naona ni haki ya mgonjwa kuyajua haya kabla ya kuulizwa. Kumuuliza "unataka tukushtue moyo?" bila kumweleza ni kumtegea.

Na kwa wenzangu madaktari mnaosoma: msiulize familia saa tisa usiku "mnataka tufanye nini?" Ulizeni, "Mzee mwenyewe angekuwa anaweza kuzungumza, angesema nini?" Na mmuulize mke wake.

#10 Mbeba Maboksi Leicester

Salaam toka Uingereza. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kulea wazee, mwaka wa sita. Huku mkazi anakuja na fomu ya zambarau inaitwa ReSPECT, imeandikwa ni nini muhimu kwake, apelekwe hospitali au asipelekwe, ashtuliwe moyo au asishtuliwe. Gari la wagonjwa likija usiku wanauliza fomu kwanza. Na kuna sheria ya mwaka 2005 inayomruhusu mtu kumteua wa kumsemea kuhusu afya, na kukataa tiba fulani kwa maandishi akiwa na akili timamu.

Lakini nisiwadanganye. Nimeziona fomu zilizojazwa haraka haraka na mtu ambaye mzee hamjui hata jina. Karatasi ipo, mazungumzo hayakuwepo. Na nimewahi kumshika mkono mama wa watu akifa kwa amani kabisa, kila kitu kimepangwa, na hakuna mtoto hata mmoja chumbani. Kwetu watu wangejaa hadi uani. Tuchukue hili la kuandika, lile la kujaa tusiliache.

Jambo lingine kwa walio na ndugu waliowekewa vifaa vya moyo huku, India au kwingineko: kuna kifaa kinachotoa shoti moyo ukivurugika mapigo. Mtu akiwa anakaribia mwisho kifaa hakijui, kinaweza kuendelea kumpiga shoti. Nilimwona babu mmoja anarushwa kitandani, mke wake amemshika mkono. Fundi wa hospitali alikuja akaizima ile sehemu ya shoti kwa kompyuta, dakika chache, hakuna kupasua, wala moyo hausimami kwa kuizima. Swali hilo liulizwe mapema, siku kifaa kinapowekwa.

#11 Mwanasheria wa Thika

Kwa upande wa Kenya, niwape hili. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inasema mgonjwa asipoweza kutoa idhini mwenyewe, idhini inaweza kutolewa na mtu ambaye mgonjwa alimpa jukumu hilo. Ndugu wa karibu anakuja baada ya huyo. Kwa hivyo ukimteua mtu, muandikie, utie sahihi, weka mashahidi wawili wasiorithi kitu kwako, na nakala moja iingie kwenye faili yako hospitalini. Nimeona shemeji na wake wenza wakibishana kwenye korido huku daktari amesimama na kalamu. Karatasi moja ingetosha.

Kwa nchi nyingine muulizeni wakili wa huko. Lakini hata pale ambapo karatasi haina nguvu mahakamani, daktari akiiona inamsaidia, na ndugu wakiiona inawanyamazisha.

#12 Shamba la Urithi

Nimewasoma wote, nashukuru kwa kunijibu bila matusi. La mashahidi na kusema mbele ya ukoo nimelikubali. La uchuro bado linanisumbua, siwezi kudanganya. Baba yangu mimi ukitaja kifo anaondoka sebuleni.

#13 Nesi wa Tiba Shufaa

Basi usimlazimishe, ndugu yangu. Kutotaka kuzungumza nako ni haki yake. Mwulize hilo tu: "Baba, kama hupendi kuzungumza mambo ya ugonjwa, ungependa daktari azungumze na nani?" Akitaja jina, umeshapata nusu ya kazi. Wazee wengi wanaoondoka sebuleni huzungumza wakiwa wanafanya kitu kingine, anapalilia, ananyolewa, yuko kwenye gari akitazama mbele. Na akibadilisha mawazo mwezi ujao, mnafuta mnaandika upya.

#14 Mwana wa Korogwe

Na mimi nikuongezee kutoka kanisani, mkuu. Nabii Isaya alimwendea mfalme Hezekia akiwa mgonjwa, akamwambia atengeneze mambo ya nyumba yake kwa maana atakufa. Hezekia akalia, akaomba, akaongezewa miaka 15. Kuambiwa hakukumuua.

#15 Mwana wa Korogwe

Wakuu, nimerudi na mrejesho. Jumapili iliyopita nilikwenda nyumbani.

Nilifanya kama nesi alivyosema. Mama alikuwa anachambua mchele, nikavuta kigoda, nikachukua ungo wa pili. Nikamuuliza, siku zile kumi na moja za baba, wewe kitu gani kilikuumiza zaidi? Nikanyamaza. Ilikuwa ngumu kuliko nilivyodhani. Akachambua muda mrefu, kisha akasema: ile mikono iliyofungwa. Alitaka kumshika mkono akaogopa kugusa vile vitambaa.

Mengine yakaja yenyewe. Hataki kupelekwa Dar, kama hospitali ya mkoa imeshindwa basi imeshindwa. Dripu sawa, oksijeni sawa, kulazwa sawa. Mashine ya kupumulia, kama ni ya siku mbili tatu na daktari ana matumaini, sawa. Zaidi ya hapo hapana. Azikwe upande wa kushoto wa baba, kulia kuna mzizi wa mwembe.

Nilipomuuliza nani azungumze kwa niaba yake, nilikuwa na uhakika atanitaja mimi, kwa sababu mimi ndiye ninayempeleka kliniki. Akamtaja mdogo wetu wa mwisho. Akasema, "Wewe utaweka sahihi kwa kuogopa watu. Yeye anaweza kukaa na mtu bila kufanya kitu." Niliinama nikaendelea kuchambua. Amesema kweli.

Jioni tukampigia kaka wa Mwanza, simu tukaiweka sauti ya juu, dada na mdogo wetu wapo, baba mdogo tulimwita. Mama akarudia yote kwa mdomo wake. Kaka akaanza kubisha, mama akamwambia, "Sikuulizi, nakwambia." Mdogo wetu aliandika kwenye daftari la shule, mama akaweka sahihi, sote tukaweka. Ukurasa wa pili tumeandika dawa zake, namba ya mwenye gari na ya daktari. Kliniki ijayo ni tarehe 14, nakala moja itabandikwa kwenye faili.

Daftari lenyewe liko kwenye kabati la vyombo, chini ya zile sahani za wageni. Wote wanne tunajua lilipo.